Mkunga Aliyeacha Mlango Wazi

"Imechomoza, dada! Imechomoza!" Obwocha alipiga kelele kutoka chumba cha antena, sauti ikamtangulia mlangoni. "Mlalo hao! Wakamate kabla hawajatukimbia!"

Tumpe Mwansasu aliinamia skrini. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibodi. Pembeni mwa skrini ilikuwa imejitokeza nukta ya kijani, ndogo kama punje ya uwele. Nukta hiyo ilikuwa mji mzima: watu, vitalu vya mchicha, zahanati na shule, vyote ndani ya puto moja kubwa lililoelea katika mawingu ya Zuhura. Ipinda, mji wa Tumpe, nayo ilikuwa puto la namna hiyo. Upepo mmoja uliyazungusha maputo yote sayari nzima, lakini kila moja lilikuwa na kimo chake na mwendo wake, kwa hiyo yalikaribiana, yakapishana, yakaachana. Pishano likiwa refu lilitosha kuivisha chungu cha maharage. Baada ya hapo redio zilinyamaza, na mtoto aliyezaliwa siku ya kuagana angeota meno kabla Ipinda na Mlalo hazijasikiana tena.

Pishano lililopita Tumpe alijaribu kuwasakinishia Mlalo blogu kwa mkono. Akaweka hifadhidata, akaweka programu ya kurasa, akagawa ruhusa za mafaili, akakosea herufi moja, akarudi nyuma kuitafuta. Alipokuwa bado anaitafuta, nukta ilizimika. Mzee Hoza, mlinzi wa seva ya Mlalo, akabaki na kitu mfano wa nyumba yenye milango isiyo na kuta.

Safari hii alikuja na Mkunga.

"Mzee Hoza, shikamoo! Unanipata?"

"Marahaba, binti. Nakupata kama uko jikoni kwangu."

"Nakutumia skripti inaitwa Mkunga. Atakuuliza kama unamkubali. Ukikubali andika ndiyo, halafu usiguse kitu."

"Nisiguse chochote?"

"Hata kikombe cha chai weka mbali, mzee."

Mkunga lilikuwa faili moja tu la amri, zimepangwa zifuatane kama wanawake kwenye foleni ya maji, kila mmoja akimsubiri wa mbele yake ajaze ndoo. Mashine mama za maputo yote ziliendeshwa na mfumo uleule wa Linux waliokuja nao wahamiaji wa kwanza, kwa hiyo kilichofanya kazi Ipinda hakikuwa na sababu ya kugoma Mlalo. Tumpe alibonyeza. Faili likaruka mawinguni. Kimya. Kisha mistari ikaanza kuteremka kwenye skrini yake, ikitoka upande wa pili.

*Ninatafuta nafasi… nimepata.*
*Ninaunda hifadhidata… tayari.*
*Ninaweka programu ya kurasa… tayari.*

"Inakwenda," Obwocha alinong'ona. Alikuwa ameinama begani kwa Tumpe, bado amevaa mkanda wa kamba wa mafundi wa viraka vya puto, ananuka mpira na asidi. "Dada, inakwenda yenyewe!"

"Nyamaza, usitutie mkosi."

*Ninaijaribu blogu… inaitika. Hongera, imezaliwa salama.*

Kwenye redio walimsikia Mzee Hoza akiita watu. Viti vikaburutwa. Halafu ukurasa mweupe ukatokea kwenye skrini ya Ipinda, ukurasa wa kwanza kuandikwa na puto moja ukasomwa na jingine, na juu yake maneno yaliyochapwa kwa kidole kimoja: *HAPA NI MLALO. SISI TUPO. NA MCHICHA WETU NI MTAMU KULIKO WENU.*

Obwocha alimkumbatia Tumpe na kumnyanyua na kiti chake. Kabla nukta haijazimika, alikuwa amekwisha kujibu kwamba mchicha wa Mlalo aliusikia tangu zamani, ni chakula cha watu waliokata tamaa.

* * *

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia, hata Tumpe. Mlalo ilipopishana na puto jingine, Mzee Hoza aliwapa Mkunga. Hao nao wakawapa wengine. Tumpe alianza kupokea, kupitia blogu za majirani, kurasa za miji ambayo hajawahi kuisikia sauti. Kabla ya hapo, mbali na salamu za haraka za redio, kilichosafiri kati ya puto na puto ni taarifa ambazo mashine zilipeana zenyewe: kimo, shinikizo, gesi, idadi ya wagonjwa. Sasa zilikuja habari. Mwanamke mmoja alieleza namna ya kumlaza mtoto wakati puto linatikiswa na radi. Mwalimu mmoja aliandika hesabu za darasa lake, na watoto wa miji mitatu wakashindana kuzijibu. Kaka na dada waliotenganishwa wakiwa wadogo, kila mmoja akiamini mwenzake alizama, walikutana chini ya ukurasa wa mtu aliyekuwa anauliza dawa ya chawa.

Obwocha akawa mtu maarufu. Aliandika jinsi anavyoning'inia nje ya ngozi ya puto, mvua ya asidi ikimtiririka kwenye suti, akibandika kiraka huku chini yake mawingu ya manjano yakishuka hadi kwenye joto linaloyeyusha risasi. "Usitazame chini," aliandika. "Chini hakuna mtu unayemdai." Watu walicheka mpaka kwenye maputo ambayo yeye mwenyewe hatayaona.

Hata Bi Mwanakombo, nahodha wa Ipinda, mama wa Kipemba asiyependa maneno mengi, aliomba ukurasa wake. Alisema ni kwa ajili ya habari za upepo. Mapishano mawili baadaye Tumpe alimkuta amekunja uso, anagombana na mpishi wa puto la mbali juu ya karafuu.

"Anatia karafuu mwisho, Tumpe! Mwisho! Nimwache hivihivi?"

"Usimwache, Bi Nahodha."

Tumpe alikuwa akitembea kwenye ujia wa Ipinda na watu wanamshika mkono. Alilala na furaha, akaamka nayo. Kichwani alikuwa ameanza kupanga Mkunga wa pili, mwepesi zaidi, atakayeweza kusakinisha hata pishano likiwa la kufumba na kufumbua.

Ilikuwa ni katika kumpanga huyo wa pili ndipo alipomchunguza wa kwanza.

Alikuwa na mashine kuukuu ya majaribio karakanani, ameifuta ikawa tupu. Alimwachia Mkunga humo, akamtazama anavyofanya kazi. Blogu ikazaliwa salama. Tumpe akaangalia orodha ya akaunti za mashine ile, bila kutafuta chochote, kama mtu anavyofunua sufuria kwa mazoea. Akaona jina ambalo halikupaswa kuwemo.

*mkunga.*

Ili skripti iweze kusakinisha vitu, ilihitaji mamlaka yote ya mashine. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ya Mkunga ilikuwa kujifungulia akaunti yenye mamlaka hayo, na hatua ya mwisho kabisa ilikuwa kuifuta. Tumpe aliikumbuka vizuri hatua hiyo ya mwisho, aliiandika kwa mkono wake, na kila alipoijaribu ilifanya kazi. Alifungua faili akaisoma. Ilikuwepo. Akapanda mstari mmoja juu, akausoma mara mbili.

Mstari wa juu ulisema: blogu ikiitika, toa hongera, maliza kazi.

Maliza kazi. Ondoka. Kabla ya kufagia.

Wakati wa majaribio blogu haikuwahi kuitika mara ya kwanza. Siku zote kitu kilikwama, Mkunga akateremka hadi mwisho, akafagia, akatoka. Kwa hiyo aliposhindwa aliacha mambo safi. Alipofaulu, alipongeza watu na kuondoka, nyuma yake mlango uko wazi. Neno la siri la mlango huo lilikuwa moja kwa maputo yote, nalo limeandikwa ndani ya faili la Mkunga, ambalo sasa lilikaa kwenye kila mashine kwa yeyote anayejua kusoma.

Alihamia kwenye mashine mama ya Ipinda, ambayo blogu yake nayo ilisakinishwa na Mkunga. Akaandika jina, *mkunga*. Akaandika lile neno. Mashine ikamkaribisha bila kusita, ikampangia mbele yake kila kitu ilichokuwa ikikiendesha: pampu za maji, taa, vichujio vya hewa. Na vali za gesi iliyolishikilia puto angani, zote, kila moja na kitufe chake cha FUNGUA na FUNGA.

Tumpe alitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka chini ya mapaja.

* * *

"Nani mwingine anajua?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Sisi watatu."

Walikuwa ofisini kwa nahodha, mlango umefungwa. Obwocha alisimama kwa sababu hakukuwa na kiti cha tatu, na kwa sababu alikuwa hawezi kutulia.

"Unaweza kuufunga?"

"Naweza kuandika skripti nyingine, Mfagiaji. Inaingia kwa mlango uleule, inafuta akaunti, inatoka, inasubiri pishano lijalo na kuruka kwenye puto linalofuata. Haimuulizi mtu. Itaenea haraka kuliko alivyoenea Mkunga."

"Basi iandike sasa hivi."

"Bi Nahodha, hiyo ni kuingia kwenye mashine mama za watu bila ruhusa yao."

Hakuna aliyehitaji kukumbushwa maana ya hilo. Kila mtoto wa Zuhura alifundishwa habari za Mtimbwani: jinsi fundi wa puto la jirani, mtu mwema, alivyoona kwenye taarifa kwamba shinikizo la Mtimbwani linapanda na vali imefungwa, akaifungua kwa mbali ili awasaidie. Hakujua kwa nini walikuwa wameifunga. Mtimbwani haikuonekana tena. Tangu hapo sheria ikawa moja, ya kwanza na nzito kuliko zote: mkono wa mbali hauingii kwenye mashine ya mtu.

"Huendi kugusa vali," nahodha alisema. "Unakwenda kufuta uchafu wako mwenyewe. Nitasema nimekuamuru mimi. Fikiria ukitangaza! Hiyo habari itasafiri kwa blogu hizohizo, na kila mpumbavu mwenye ugomvi na puto jingine atajua kwamba kuna mlango. Na wenye akili wataogopa, watazing'oa blogu, watakata mawasiliano. Tutarudi kupeana vipimo vya gesi kama mawe."

Tumpe alikuwa amekwisha kuyafikiria hayo yote, na yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli.

"Obwocha, wewe unasemaje?"

Obwocha alijikuna shingo palipoungua na asidi. "Mimi fundi wa viraka tu, dada. Lakini kuna mama mmoja wa puto sijui lipi ameniandikia habari za mwanawe aliyekufa. Hajamwambia mumewe, ameniambia mimi, kwa sababu aliamini ile ni nyumba yake na amefunga mlango. Sasa ajue baadaye kwamba tulipita chumbani akiwa amelala, tukatoka kimyakimya kwa sababu tulimwonea huruma? Ataandika tena?"

"Akizama hataandika pia," nahodha alisema.

Nje, mvua ya asidi ilikuwa ikichezacheza kwenye ngozi ya puto.

Tumpe aliinuka. "Nitaandika Mfagiaji. Lakini atabisha kwanza. Mlinzi wa kila mashine atamuona, atasomewa anachokuja kufanya, na ataamua. Na nitaandika kwenye ukurasa wangu ni nani aliyeacha mlango na kwa nini."

"Ukifanya hivyo utakuwa umempa kila mtu nafasi ya kuwatangulia walinzi."

"Ndiyo. Najua."

Bi Mwanakombo angeweza kumkataza, alikuwa na uwezo huo. Badala yake alifungua mlango, akasema kwa ukali, "Basi ufanye upesi. Na uandike kwa lugha ambayo hata yule mpishi wangu wa karafuu atakuelewa."

* * *

Mlalo ndiyo iliyochomoza kwanza, kwa hiyo Mzee Hoza alikuwa wa kwanza kusikia, kwa sauti yake Tumpe, kabla hajasoma popote.

"Binti," alisema. "Ina maana muda wote huu nimelala na wajukuu na mlango uko wazi?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Leta huyo Mfagiaji."

Alimsoma mstari kwa mstari, kwa sauti, huku akiuliza maana ya kila amri na kumfanya Tumpe ajibu kama mtoto wa shule. Muda wa pishano uliteketea. Mwishowe akaandika ndiyo, akaunti ikafutika, na kabla nukta haijapotea akasema, "Nitampitisha mbele. Lakini kila ninayempa nitamwambia asome kwanza."

Habari ikaenda. Majibu yakaanza kurudi, na si yote yaliyokuwa mazuri. Puto moja liling'oa blogu yake siku ileile. Jingine lilimwita Tumpe jina ambalo Obwocha alikataa kumsomea. Lakini mengi yaliandika neno moja tu, *Tumefagia*, na Tumpe akawa analisoma kila lilipokuja kama mtu anayehesabu watoto wanaotoka kwenye moshi, akicheka, akitaka wa pili, akitaka wa tatu.

Hapo ndipo ilipokuja Kasanga.

Kasanga ilikuwa puto dogo, masikini wa vifaa. Redio yake ya sauti ilikuwa imeliwa na asidi zamani, kilichobaki ni mkondo wa data peke yake. Ilikuwa na blogu changamfu kuliko zote, pengine kwa sababu hiyo. Ilichomoza wakati watu wa Ipinda wamejaa ukumbini wakisoma kurasa mpya, na mashine zikapeana taarifa zenyewe kama kawaida. Tumpe alitupa jicho kwenye vipimo vya Kasanga, kisha akakodoa macho.

"Kimo kinashuka."

Bi Mwanakombo alikuwa begani kwake papo hapo. "Gesi?"

"Inapungua. Vali ya juu iko wazi. Wazi kabisa."

"Wamekwisha kufagia?"

"Hapana. Akaunti bado ipo. Habari haijawafikia."

Waliangaliana. Mlango ulikuwa wazi, na mtu, mahali fulani, angeweza kuwa amepita.

"Ingia uifunge," nahodha alisema.

Tumpe aliandika jina. Aliandika neno la siri. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kuingilia.

"Bonyeza, Tumpe. Wanazama!"

"Na kama wameifungua wenyewe?"

"Nani anafungua vali puto likishuka?"

"Sijui. Ndiyo sababu naogopa." Jasho lilimdondoka kwenye kibodi. "Mtimbwani nako kulikuwa na sababu ambayo mtu wa nje hakuijua."

"Hawana redio! Utawauliza vipi, kwa kupiga mluzi?"

Tumpe aligeuka taratibu, akautazama ukumbi, watu waliokaa na skrini zao mapajani, kila mmoja na ukurasa wa mtu mbele yake. Blogu. Wakati wa pishano blogu mbili ziliunganika, na ulichoandika huku kilisomeka kule papo hapo.

Alifungua ukurasa wa Kasanga uliokuwa juu kabisa. Ulikuwa wa mwanamke aitwaye Kabula, anaeleza anavyootesha uyoga kwenye maganda ya mihogo. Tumpe akaandika chini yake, akikosea na kurudia: *Hodi Kasanga. Mimi ni Tumpe wa Ipinda. Vali yenu ya juu iko wazi na mnashuka. Mnajua? Nijibuni.*

Hakuna jibu. Kimo kikapungua tena.

"Ukurasa mmoja hautoshi!" Obwocha alisema, na hapohapo akaruka juu ya meza ya chakula, kamba zake zikining'inia. "Jamani! Nani ana rafiki Kasanga? Nani amewahi kugombana na mtu wa Kasanga? Mwandikieni sasa hivi! Mwambieni hodi! Mwambieni atazame vali!"

Ukumbi ulilipuka. Watu wakainamia skrini. Mwalimu akaandika kwenye ukurasa wa hesabu, wauguzi kwenye ukurasa wa zahanati, watoto kwenye hadithi za watoto, na mzee mmoja aliyekuwa akibishana na mtu wa Kasanga juu ya bao akamwandikia, *Acha kete zako, tazama vali.* Hodi, hodi, hodi, kurasa za Kasanga zikajaa hodi kama mlango unaopigwa na mji mzima.

"Kinashuka," nahodha alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tumpe, nakuomba. Sikuamuru. Nakuomba."

Tumpe alikuwa analia bila kujua. Kidole kilikuwa kimerudi juu ya kitufe kile. Alijipa pumzi moja. Akajipa nyingine.

Chini ya ukurasa wa uyoga likatokea jibu.

*Karibuni. Mbona mnatugongea hivyo? Mimi Kabula. Vali tunaijua. Ngozi imechanika juu, tumefungua wenyewe gesi ipungue mpasuko usienee. MSIGUSE KITU. Mafundi wanaziba, wamejifunga kamba kwenye mdomo wa vali. Mume wangu yuko ndani ya mdomo huo, ikifungwa itamsaga.*

Bi Mwanakombo aliweka mkono ukutani, kisha akaketi sakafuni, na sare yake, na cheo chake.

Tumpe alirudi kwenye neno la siri aliloliandika. Alilifuta herufi moja moja mpaka nafasi ikabaki tupu. Kisha akamwandikia Kabula: *Nimekuelewa. Hatugusi. Lakini niitie mlinzi wa seva yenu, kuna jambo la aibu nataka kumwambia.*

Mlinzi wa Kasanga alikuja, akaandika kwa hasira, kwa kifupi. Alisoma maelezo yote. Alipoambiwa kuna Mfagiaji, alijibu: *Hatutaki mtu wako wa kufagia. Tuambie amri ni ipi. Tutaufunga mlango wetu kwa mkono wetu.* Tumpe alimwandikia, mstari mmoja mfupi. Akasubiri. Akaunti iliyoitwa mkunga ikatoweka mbele ya macho yake, na mlango ukafungwa upande wa pili, na mwenye nyumba.

Halafu, kwenye vipimo, vali ya juu ikafungwa. Gesi ikaanza kujazwa upya, kimo kikasimama. Kikaanza kupanda.

*Mume wangu ametoka salama,* Kabula aliandika. *Kiraka kimeshika. Jamani, kimeshika!*

Kelele zilizopigwa ukumbini zilitikisa vikombe. Obwocha alimbusu nahodha kwenye paji la uso kabla hajajua anafanya nini. Watu walikuwa bado wanarukaruka pale mtoto aliyekuwa dirishani alipopiga ukelele wa namna nyingine.

Wote walikimbilia kwenye kioo.

Tangu wazaliwe walikuwa wakitazama mawingu kupitia dirisha lile. Maputo mengine waliyajua kama nukta kwenye skrini, kama sauti, kama maneno. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona puto jingine kwa macho yake. Sasa chini yao, mbali, ukungu wa manjano ulikuwa unavimba na kupasuka, na kitu kikubwa, cha mviringo, cha rangi ya ngozi ya kitunguu, kilikuwa kinapanda kutoka humo. Maji ya asidi yalikuwa yanakitiririka ubavuni na kung'aa. Juu kabisa kulikuwa na kiraka kipya cheusi, na kandokando ya kiraka watu, wadogo kama siafu, wamefungwa kamba. Mmoja wao akasimama wima. Akawaona.

"Kasanga," Tumpe alisema.

Bi Mwanakombo alikuja akasimama kando yake, sare bado ina vumbi la sakafu. Alizungumza bila kugeuza macho kutoka kwenye kioo.

"Zamu ijayo utanikabidhi funguo zote za mashine mama. Walinzi wa maputo yote wataamua kama utarudishiwa. Mimi sitakutetea wala kukushitaki, nitaeleza nilichokiona."

"Ndiyo, Bi Nahodha."

"Lakini hiyo ni zamu ijayo." Nahodha aliinua mkono wake mwenyewe, akaubandika kwenye kioo, vidole vimetanuka. "Sasa hivi punga, mwanangu. Punga, wanatupungia."